Chini ya jiwe la Mto Karanga

Leo asubuhi niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili kando ya Mto Karanga, hapa Moshi, kwa sababu nimechoka kuwafundisha viumbe wa majini kwa chaki peke yake.

Tuligeuza jiwe moja, kubwa kiasi cha sufuria ya chai.

Chini yake alikuwapo mtoto wa kereng'ende, mwenye rangi ya tope na asiyeota mabawa bado, tukamweka kwenye bakuli jeupe pamoja na viluwiluwi wawili wa chura. Alitulia kabisa. Kufumba na kufumbua, mdomo wake wa chini, ambao huukunja chini ya kichwa kama mkono, ukachomoka na kumnasa kiluwiluwi mmoja.

Darasa zima lilinyamaza.

Niliwaeleza kwamba mdudu huyu hupumua kwa matamvua yaliyo ndani ya sehemu ya mwisho ya utumbo wake, akivuta maji na kuyatoa, na kwamba baadhi ya spishi zake hukaa majini hata miaka kabla ya kupanda jani, kujivua gamba na kuruka.

Binti mmoja aliomba tumrudishe palepale chini ya jiwe lake. Tulimrudisha.

Ninyi mliokulia kando ya mifereji ya Kibosho na Machame, mlimwitaje kwa Kichaga?