CV iliyochapwa Mtwara, inayosomwa Birmingham

Wadogo zetu wa Mtwara na Lindi mnaoomba kazi huku Uingereza, mara nyingi kinachowaangusha si elimu, ni karatasi yenyewe. CV nyingi za Kusini huchapwa steshenari kwa mtindo ule ule: picha ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, dini, ndoa, shule ya msingi, halafu tamko na sahihi. Futa vyote hivyo. Sheria ya Usawa ya 2010 inamkataza mwajiri wa huku kubagua kwa umri, dini au ndoa, kwa hiyo hata kuviona hataki. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na ya pasipoti usiziweke kamwe, maana CV hupita mikono mingi. Ujerumani na nchi za Ghuba picha bado ni kawaida, basi usitume CV moja kila mahali.

Simu ianze na +255 na sifuri ya mwanzo iondoke, la sivyo haitaingia.

Sehemu ya kuitolea jasho ni uzoefu. Anza na kazi ya karibuni, urudi nyuma, kwa mwezi na mwaka. Mtu huandika: "Mtunza ghala, AMCOS, 2021–2023. Kutunza ghala." Meneja wa Birmingham hajui AMCOS ni nini, wala msimu wa korosho hajawahi kuusikia. Iandike kwa Kiingereza, lakini kwa maana hii: "Mtunza ghala, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, Tandahimba, Oktoba 2021 – Januari 2023. Nilipokea na kupima hadi magunia 200 ya kilo 80 kwa siku wakati wa msimu. Nilikagua unyevu na ubora kabla ya kupokea. Nilisimamia vibarua 6 na kutunza leja." Hapo anamwona mtu anayejua mizani, kumbukumbu na watu. Hesabu ziwe zako za kweli: kama yalikuwa magunia 60, andika 60, kwa sababu kwenye usaili utaulizwa mliyapangaje.

Fundi umeme aliyesomea VETA, chuo cha ufundi stadi, naye asiishie kwenye "wiring". Aseme ni nyumba ngapi, fezi moja au fezi tatu, na kama alipima mwenyewe kabla ya kuwasha.

Kwenye vyeti, "Division II", yaani daraja la mtihani wa sekondari, huku haiwaambii waajiri kitu. Andika jina kamili la cheti, chuo na mwaka. UK ENIC hulinganisha vyeti vya nje kwa ada, ila usilipe mpaka mwajiri au chuo adai. Wadhamini waache nje ya CV, lakini uwe nao wawili tayari, hasa msimamizi wako wa zamani anayejibu barua pepe. Shehe au mchungaji hawezi kueleza ulivyofanya kazi.

Kurasa 2 za A4 zinatosha, Arial au Calibri ukubwa wa 11, pambizo sm 2. Usipange kwa majedwali, kwani programu za kuchuja maombi huyavuruga. Hifadhi PDF moja kwa moja kutoka Word. Ukiipiga picha kwa simu, programu haioni maneno, inaona picha tu. Faili liitwe kwa jina lako.

Kabla hujatoka steshenari, dai na faili la Word litumwe kwenye barua pepe yako, usije ukalipia kila marekebisho. Kisha soma kila mstari hapo hapo kwenye kompyuta: mara nyingi mchapaji huandika juu ya CV ya mteja aliyepita, na simu au shule ya mtu mwingine hubaki ndani.