Mavi ya punda yamenifurahisha leo

Jamani, leo Mkomani nimepishana na punda waliobeba mchanga, pua ikashtuka. Mavi!
Nimesimama kichochoroni nacheka peke yangu, mzee mmoja ananitazama tu.

Wanaonijua wanajua: tangu nilipoteleza gatini nikagonga kisogo, sisikii harufu ya udi wala ya samaki.

Daktari alinieleza kwamba nyuzi za neva ya kunusa hupita kwenye vitundu vidogo vya mfupa juu ya pua. Ubongo ukitikisika kwa kishindo, nyuzi hizo huweza kukatika. Wengine hupoteza harufu kwa mafua makali au korona.
Bahati ni kwamba seli za neva hii huzaliwa upya. Huchukua miezi, hata mwaka na zaidi, na si wote wanaopona.

Zoezi langu: asubuhi na jioni nanusa karafuu, ndimu, waridi na mkaratusi, kila kimoja kama sekunde 20.

Kituko ni kahawa. Harufu yake imerudi, lakini inanuka mpira ulioungua! Eti mara nyingi ni dalili kwamba neva zinaamka.
Mume wangu siku hizi anainywea barazani, maskini.

Kuna aliyepitia haya? Kahawa yenu ilikaa sawa lini?