Mbili Mara Tatu ya Babu

Wiki hii mabati ya jikoni yamebadilishwa, kaka mkubwa wa nyumba ameripoti kidato cha tano, na posa ya wifi yangu imeletwa na kupokelewa, lakini nikikaa peke yangu hakuna hata moja kati ya hayo ninalolifikiria. Ninalolifikiria ni swali la kitinda mimba wetu, aliloliuliza Jumanne usiku mezani na likakatizwa kabla halijapata jibu. Tangu hapo nimekuwa nikilirudia njiani kwenda kazini, nikilirudia dirishani ninapotoa dawa, na nikilirudia kitandani taa zikiwa zimezimwa.

Ilikuwa hivi. Kifua cha Babu, kile kilichomsumbua wakati wa masika, kilimrudia, na daktari akamwandikia amoksilini, zile kapsuli za rangi mbili za miligramu 250, ameze mbili mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Bahasha niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe: 2 × 3. Sasa Babu haipendi dawa ya mchana, kwa sababu mchana yeye huwa barazani na wenzake wakicheza bao, na kunyanyuka kurudi nyumbani kwa ajili ya kapsuli mbili anaona ni usumbufu. Basi akaniambia, kwa ule upole wake wa mtu aliyekwisha kuamua: "Mwanangu, mimi nitameza tatu asubuhi na tatu usiku. Si jumla ni sita ile ile?"

Nikamjibu: "Hapana, Baba. Mbili mara tatu siyo tatu mara mbili."

Binti yangu alikuwa upande wa pili wa meza akifanya zoezi la kuzidisha. Akainua kichwa. "Mama, mwalimu ametufundisha leo kwamba mbili mara tatu na tatu mara mbili ni sawa. Sasa nani mwongo, wewe au mwalimu?"

Babu akamkata palepale: "Mkubwa haambiwi mwongo." Mtoto akainamisha uso, kisha akauliza tena kwa sauti ya chini, ambayo nadhani ni mimi peke yangu niliyeisikia: "Basi nani amekosea?" Kabla sijafungua mdomo hodi ikapigwa, wazee wa upande wa pili wakaingia, na mazungumzo yakahamia kwenye mahari.

Sina neno juu ya Babu. Katika nyumba zetu mtoto hamwiti mtu mzima mwongo, na mzee huyo huyo ndiye aliyenilea mimi kwa adabu hiyo. Kinachoniuma ni kwamba kemeo lilimfika katikati ya swali zuri kuliko yote aliyowahi kuniuliza kuhusu hesabu, na mtoto wa umri wake hana namna ya kutenganisha hayo mawili. Anaweza kulala akiamini kwamba alikemewa kwa sababu ya kuuliza, wala si kwa sababu ya lile neno moja. Jumatano jioni hakuniuliza chochote. Alifanya zoezi lake kimya, huku akiligeuza daftari kila baada ya muda kutazama jedwali la kuzidisha lililochapwa nyuma ya jalada, akanakili majibu, akafunga, akaenda kuoga. Majibu yote yalikuwa sahihi, nami sikufurahi hata kidogo.

Nilikuwa na siku nzima ya kulifikiria jibu lenyewe, kwa sababu kazi yangu yote ni kuzidisha na kugawanya. Mgonjwa akisukuma karatasi yake dirishani, 2 × 3 × 5 inatakiwa iwe 30 kichwani mwangu kabla sijafungua kopo, na vidonge tunavihesabu kwa kuvisogeza vitano vitano juu ya sahani, mafungu sita, tayari. Kwa hiyo nasema wazi kwamba mimi ni mtetezi wa kukariri. Wanaosema watoto wasiimbishwe majedwali darasani sikubaliani nao, kwa maana mtu ambaye kila mara inambidi akokotoe sita mara nane upya hapati nafasi ya kufikiria jambo kubwa zaidi lililo mbele yake.

Lakini kukariri peke yake hakulijibu swali la binti yangu. Mwalimu amesema kweli: kapsuli zitakazotoka kwenye bahasha kwa siku moja ni sita, uzipange upendavyo. Nami nimesema kweli, kwa sababu dawa ile mwili huipunguza saa hadi saa, na ili isiishe nguvu katikati ya siku inagawiwa kila baada ya saa nane, yaani 24 gawanya kwa 3. Anayemeza tatu asubuhi na tatu usiku anaacha saa 12 kati ya dozi na dozi, na katika saa zile za mwisho dawa inakuwa imepungua mno huku vijidudu vikipata nafasi. Na bahasha yake itaisha siku ya tano sawasawa na ya mwenzake aliyefuata maelekezo, kwa hiyo hata nikimwomba aniletee bahasha niikague, sitagundua kitu. Jumla ni moja, lakini namna ya kuifikia si moja. Mwalimu alikuwa akizungumzia jumla, nami nilikuwa nikizungumzia namna.

Tena sikutaka mtoto alidharau lile alilofundishwa na mwalimu wake, kwa maana ni msaada mkubwa sana kwake. Jedwali la 10 kwa 10 lina visanduku 100. Mtoto anayedhani kwamba 7 × 8 na 8 × 7 ni mambo mawili anatakiwa kuyashika yote 100, ila anayejua kwamba jibu ni lile lile anabakiwa na 55. Ukiondoa majedwali ya 1, 2, 5 na 10, ambayo watoto wengi huyashika mapema, kinachobaki ni 21 tu. Haya 21 ndiyo yanayowaliza watoto, na hata kati yake yale ya 4 yanapatikana kwa kuyarudufu yale ya 2: mbili mara saba ni 14, basi nne mara saba ni 28. Mwalimu mwenye darasa lililojaa pomoni, ambaye mwakani watoto wake watakutana na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, ana kila sababu ya kuwapa watoto njia hiyo mapema.

Alhamisi baada ya magharibi niliweka ubao wa bao mezani. Sikutaja habari za Jumanne. Nilimwambia tu binti yangu anipangie kete mbili mbili, mafungu matatu, kisha azisogeze pamoja zikae kwa safu. Akazipanga: safu tatu, kila safu kete mbili. Nikamwambia aje akae upande wangu. Alizunguka meza, akasimama, akazitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Zimekuwa safu mbili za tatu tatu," akasema. Kisha akarudi kule alikotoka, akaja tena huku, akacheka. "Mama, kete hazijasogea. Mimi ndiye niliyesogea."

Hapo ndipo nilipomweleza ya mwalimu na ya kwangu, kwamba hakuna aliyekosea. Kete zikiwa zimetulia mezani hesabu ni ile ile uzitazame kutoka upande wowote, lakini Babu hazimezi zote kwa pamoja, anazimeza kwa saa, na saa hazigeuzwi kwa kuhama kiti. Babu mwenyewe alikuwa kwenye mkeka akisikiliza. Hakutoa neno lolote kuhusu adabu wala kuhusu lile kemeo. Alisogea taratibu, akazikusanya kete zote kiganjani na pajani, akamuuliza mjukuu wake: "Bao hili lina safu nne, kila safu mashimo manane. Kete zote ni sitini na nne. Katika bao la kujifunzia, kila shimo linaanza na kete ngapi?" Mtoto hakulitafuta daftari. Alizidisha nne mara nane kwa kutembeza kidole kwenye safu, akapata 32, akanyamaza kidogo, akasema: "Mbili." Babu akamwambia aziweke, naye akaziweka zote, na siwezi kueleza jinsi roho yangu ilivyotulia nikisikia kete zile zikidondoka mbili mbili.

Tukaingia kwenye kugawanya, na hapo niliona jambo ambalo kila mzazi anayemsaidia mtoto wake jioni angefaa kulichunguza. Nilimpa kete 30 ziwe badala ya kapsuli za Babu, maana sitaki mtoto azoee kuchezea dawa hata ikiwa ni kwa kuhesabu tu. Kwanza nikamwambia azigawe kwa siku tano. Alichagua mashimo matano, akawa anadondosha moja moja kwa zamu hadi zikaisha, akahesabu shimo moja, akasema sita. Hilo lilikuwa rahisi, kwa sababu ni kugawa kama tunavyogawa karanga kwa watoto waliokaa duara. Kisha nikazirudisha zote pamoja nikamuuliza kwa namna nyingine: "Babu anameza sita kwa siku. Kapsuli 30 zitamfikisha siku ngapi?" Akachukua kete moja, akataka kuidondosha shimoni, mkono ukasimama hewani. "Mama, niweke kwenye mashimo mangapi?"

Swali hilo linaonyesha mahali hasa ambapo watoto wengi hukwama. Mara ya kwanza alijua mafungu ni mangapi na alikuwa akitafuta ukubwa wa kila fungu. Mara ya pili alijua ukubwa wa fungu na alitakiwa kutafuta idadi ya mafungu, ila alama ya kugawanya daftarini ni ile ile moja kwa yote mawili. Mtoto aliyezoeshwa kugawia watu tu akikutana na hesabu ya pili haoni watu wa kuwagawia, naye anadhani hajui kugawanya kumbe anajua. Sikumwonyesha la kufanya. Aliirudisha ile kete, akakaa, kisha akachota sita akaziweka kando, akachota nyingine sita, na nyingine, mezani zikabaki 12, zikabaki sita, zikaisha. "Siku tano. Nimetoa sita mara tano."

Kwa kuwa jedwali la sita ndilo lililokuwa likimsumbua muhula huu wote, nikamweleza jinsi tunavyotoa dawa mseto ya malaria. Inamezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, yaani dozi sita. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anameza kidonge kimoja kila dozi, wa kilo 15 hadi chini ya 25 viwili, wa kilo 25 hadi chini ya 35 vitatu, na mwenye kilo 35 na kuendelea vinne. Akayataja mwenyewe: 6, 12, 18, 24. Akauliza yeye ana kilo ngapi, nikamwambia 26, akasema basi yeye ni 18, na Babu ni 24. Usiku ule sita mara tatu haikumtoka tena, kwa sababu ilikuwa imekuwa yake.

Halafu, nikiwa nimeanza kukusanya kete, akauliza lile ambalo limenifanya niandike kwa furaha badala ya huzuni niliyokuwa nayo mwanzoni mwa wiki: "Na kugawanya nako kunageuzwa? Sita gawanya kwa mbili ni sawa na mbili gawanya kwa sita?"

Hakumtazama Babu kwanza kuona kama anaruhusiwa kuuliza. Alimtazama baadaye, akisubiri jibu.

Babu akasema: "Kuna nyumba ina maandazi sita na watoto wawili, na nyumba nyingine ina maandazi mawili na watoto sita. Wewe ungependa kulelewa ipi?"

"Ile ya kwanza, Babu, kila mtu anapata matatu," akajibu upesi. Kisha akafikiri zaidi, akaongeza kwa huruma kabisa: "Lakini ile ya pili nao wasilie. Kila andazi likatwe vipande vitatu, watatoshana."

Sehemu bado hawajafundishwa vizuri. Nililala nikiwa na amani, na Babu sasa anakwenda barazani na kapsuli zake mbili za mchana mfukoni mwa kanzu, zimefungwa kwenye karatasi.

Lililobaki ni la kaka yake. Aliondoka na basi la alfajiri, na jana nikifagia nimelikuta kufuli la tranka lake dirishani, pamoja na funguo zote mbili. Simu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo, mlezi wa bweni nimempigia hakupokea, na ndani ya lile tranka kuna ada ya michango, sukari, sabuni za muhula mzima na viatu ambavyo baba yake alivinunua kwa shida. Kesho kabla ya sala ya alfajiri nitakwenda stendi kumtafuta kondakta wa basi lile lile, nimwombe anipelekee.