Baba wa babu yetu hakutoka Kasai

Hapa Kamalondo, Lubumbashi, tumekua tukiambiwa kwamba baba wa babu yetu alitoka Kasai kuja kuchimba shaba, zama ambazo Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilikuwa ikiajiri watu wa mbali, hata kutoka Rwanda na Burundi. Orodha ya sensa ya enzi za Wabelgiji ilinipa jina lake na umri wa kukadiria, basi. Kitabu cha ndoa cha parokia ndicho kilichonifaa, kwa sababu Kanisa huandika pia mahali bwana harusi alikobatizwa, na kwenye mstari wake, kwa wino uliofifia ukawa kahawia, padri aliandika misheni ya Maniema, mkoa mwingine wa Kongo, si Kasai. Ndugu zangu, msiruke majina ya mashahidi, maana aghalabu walikuwa jamaa au watu wa kwao.

Kwa kuwa kromosomu Y, sehemu ya vinasaba vya mwanamume, hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume pekee, kaka yangu ndiye aliyetoa mate kwa kipimo cha vinasaba, nacho kikamkutanisha na mzee mmoja ambaye ukoo wa baba yake ni wa Maniema. Kipimo peke yake kisingetuonyesha kijiji. Sasa tunaandika barua Kindu, mji mkuu wa Maniema, kuomba kutafutiwa kitabu cha ubatizo, na shangazi ameshanitajia majina mawili ya kuulizia.