Matundu mawili kwenye kava la mashine ya kusaga

Jumanne asubuhi mama mmoja aliniletea kava la mashine yake ya kusaga, limefungwa kwa kamba nyuma ya bajaji. Nyundo moja, kile chuma kinachozunguka ndani kuponda mahindi, ilikatika mashine ikiwa kazini, vipande viwili vikatoboa kava vikatoka nje. Kijana anayemimina mahindi alikuwa ameenda kuchota maji. Alhamdulillahi.

Nililikalia kava lile kitambo kabla ya kuwasha grenda. Ni pleti ya chuma laini, milimita 2 tu, na matundu yake hayafanani hata kidogo.

La kwanza lilipigwa na ncha ya kipande kimoja. Chuma kimechanika katikati kikafunguka kwa nje kama ua, petali nne, moja imejikunja nyuma kabisa. Kulizunguka kuna bonde pana kama kisosi. Ukipitisha kiganja unalihisi kabla hujaliona. Bonde hilo ni chuma kilichovutika, na kuvutika ndiko kunakokula nguvu ya pigo.

La pili lilipigwa na kichwa bapa cha nyundo. Hapo hakuna ua, na bonde ni dogo sana. Ni tundu la mstatili, kingo safi, kama limepigwa panchi. Kizibo chake, yaani chuma kilichokatika hapo, mama alikuja nacho kwenye mkoba. Kichwa bapa hukikata chuma kwenye kingo zake, chap, kabla bamba zima halijawahi kupinda.

Rota ile, sehemu inayozunguka na nyundo zake, ina kipenyo cha sentimita 60 na huzunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa hiyo ncha ya nyundo inakwenda kama mita 94 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kipande cha gramu 200 kinabeba nguvu ya gunia la kilo 90 linaloanguka kutoka mita 1. Gunia hutua kwa tumbo lote. Kipande hutua mahali padogo kuliko kidole gumba.

"Fundi, ziba kwa springi ya lori, ile ngumu," mama akaniambia.

"Hapana, mama. Ile ngumu haivutiki. Ikipigwa sana inapasuka."

Tena ukiichomelea bila kuipasha moto kwanza, kandokando ya weldi panakuwa pakavu kama kigae, na vigae vikiruka vinamkuta yule yule kijana. Nimemwekea pleti laini ya milimita 6, kava zima.

Kesho nafungua rota. Matundu ya pini kwenye nyundo zilizobaki yamelika vibaya, na nyundo mpya lazima nizipime kwenye mizani, jozi kwa jozi, kabla sijazirudisha.