Jinsi nilivyoielewa serebelamu baada ya kufeli mtihani wa kwanza

Swali lililoniangusha nalikumbuka mpaka leo. Mgonjwa ana jeraha upande wa kulia wa serebelamu, ile sehemu ndogo ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, je ni mkono upi utakaoyumba? Nikajibu wa kushoto bila hata kufikiria, maana tangu mwanzo tumefundishwa ubongo wa kulia unaendesha mwili wa kushoto na wa kushoto unaendesha wa kulia, nikaona hapa hakuna ujanja. Kumbe jibu ni wa kulia. Karatasi nzima ilikwenda hivo hivo, majina nilikuwa nayo yote kichwani ila kila jina nimelipachika sehemu ya mwenzake, nikaambiwa nina wiki tatu nirudie.

Naandika nilichofanya hizo wiki tatu kwa sababu najua kuna mtu muda huu anakesha na hii mada na anaona haiingii, na kiukweli ni mada nzuri sana ukishaipata, mi naona hakuna sehemu ya ubongo iliyopangwa kwa utaratibu kama hii.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukariri. Nilikuwa na notsi za rangi tano, seli upande huu, njia upande ule, viini chini, nasoma usiku mzima asubuhi vyote vimechanganyika. Kuna dada mmoja alikuwa anatusaidia maabara, ametutangulia miaka miwili, nikamwambia dada hii sura imenishinda. Akaniuliza, taarifa inaingilia wapi, inapita kwa nani, inatokea wapi? Nikakaa kimya. Akasema basi mdogo wangu anzia hapo, majina utayakuta njiani.

Nikaanza kwa kuishika mkononi. Ile iliyohifadhiwa kwenye fomalini, harufu inakufanya machozi yatoke lakini unazoea. Serebelamu inakaa nyuma kabisa ya kichwa, chini ya ile sehemu ya ubongo mkubwa inayohusika na kuona, na ni ndogo, ya mtu mzima ina kama gramu 150 hivi wakati ubongo wote unafika gramu 1,300 na kitu. Juu yake ina vikunjo vyembamba vimelala pamoja kama kurasa za kitabu kilichofungwa, na ukiikata katikati ndo unaona kitu kinachokufanya unyamaze, mti mweupe umetawanya matawi kwenye nyama ya kijivu, wataalam wa zamani waliuita mti wa uzima. Katikati kuna sehemu nyembamba inaitwa vemisi, maana yake mnyoo, na kweli inafanana na mnyoo uliojikunja, halafu kulia na kushoto kuna hemisfia mbili, yaani nusu mbili kubwa. Chini kabisa kwa mbele kuna kisehemu kidogo kinaitwa flokyulonodula, hiki ndo kinahusika na balansi na macho.

Sasa kilichonitoa gizani ni makaratasi. Nilikuwa nimesoma mara mia kwamba seli ya Purkinje (seli kubwa ya neva ya serebelamu, imepewa jina la Mcheki Jan Purkyně aliyeieleza mwaka 1837) ina matawi mapana yaliyo bapa, na kwamba kuna nyuzi sambamba zinazoyakata matawi hayo, nasoma naelewa maneno lakini picha siioni. Basi nikakata karatasi ngumu 12 kwa umbo la jani pana lenye kikonyo, nikazichomeka wima kwenye kipande cha stairofomu, moja nyuma ya nyingine kama vitabu kwenye shelfu. Nikachukua sindano na uzi mweupe nikatoboa jani la kwanza nikapitiliza mpaka la 12. Uzi mmoja, majani yote 12 yameguswa. Nikapitisha wa pili, wa tatu, wa kumi, nilipofika kama wa arobaini hivi jani la tatu likachanika, nikakaa naliangalia, maana seli moja ya Purkinje ya mtu inaguswa na nyuzi hizo zaidi ya laki moja na haichaniki.

Zile nyuzi zinatoka kwa seli ndogo mno zinaitwa seli za granyuli, zimejaa tabaka la ndani la koteksi, yaani lile ganda la kijivu la serebelamu. Kila moja inatuma uzi wake juu, ukifika tabaka la nje unagawanyika kulia na kushoto kama herufi T. Nikachukua uzi kutoka chini ya stairofomu nikaupandisha nikaufunga fundo katikati ya uzi uliolala, T hiyo hapo. Matabaka matatu nikawa nayaona bila kukariri tena, chini granyuli, katikati mstari mmoja tu wa miili ya Purkinje, juu tabaka la molekula ambako majani na nyuzi vinakutana.

Na hizi seli za granyuli msizidharau kwa udogo wake. Mwaka 2009 watafiti walihesabu nyuroni (seli za neva) za ubongo wa binadamu wakapata kama bilioni 86, na kati ya hizo kama bilioni 69 ziko serebelamu, na karibu zote ni hizi za granyuli. Yaani kitu chenye kama asilimia 10 ya uzito wa ubongo kinabeba asilimia 80 ya nyuroni zake. Nilivyoisoma hiyo nikaacha kuiona serebelamu kama kiambatanisho.

Tukirudi kwenye swali la dada, taarifa inaingilia wapi. Inaingia kwa njia kuu mbili, hapa ndo pa kushika. Ya kwanza ni mosi faiba (aina ya nyuzi za neva), zinatoka ponsi (sehemu ya shina la ubongo), uti wa mgongo na sehemu za balansi, zinaleta habari za mwili uko wapi na ubongo mkubwa umekusudia nini, zinakabidhi kwa granyuli, na granyuli ndo inapeleka juu kwa nyuzi sambamba. Ya pili ni nyuzi pandaji, hizi zote zinatoka sehemu moja tu, olivi ya chini ya upande wa pili (kiini kilicho kwenye medula, sehemu ya chini ya shina la ubongo), na kila seli ya Purkinje kwa mtu mzima kwa kawaida inapata uzi mmoja peke yake, unaopanda na kuizunguka kama mtambaa kwenye mti. Kwenye modeli yangu nikatumia uzi mwekundu, jani moja uzi mmoja, nikauzungusha kuanzia kikonyo mpaka juu. Ukiweka laki ya nyuzi nyeupe dhaifu upande huu na uzi mmoja mwekundu wenye nguvu upande ule, huhitaji mtu akwambie kwamba hizi mbili hazifanyi kazi moja. Nyuzi sambamba zinaisukuma Purkinje ipige mapigo madogo madogo ya umeme mengi kwa sekunde, ile pandaji inakuja kama mara moja kwa sekunde na ikija seli nzima inashtuka kwa pigo kubwa la aina yake.

Kuna seli nyingine za kuzuia, za nyota na za kikapu ziko juu, za Golgi ziko chini zinawabana granyuli wasipitishe kila kitu. Hizi mi sikuzipa muda mrefu, nilijua tu nani anamzuia nani, na kwa mtihani ilitosha. Cha kupendeza ni seli ya kikapu, inauvika mwili wa seli ya Purkinje kama kikapu kweli, mtaalam wa Hispania Ramón y Cajal alishaichora kwenye serebelamu ya ndege mwaka 1888 kwa kutumia rangi aliyoigundua Mwitaliano Camillo Golgi, na wote wawili wakagawana Nobel mwaka 1906.

Inatokea wapi? Hapa nilikuwa nimekosea miezi yote. Nilidhani seli kubwa na nzuri kama Purkinje lazima ndo inatoa amri, kumbe inazima! Ndio mlango pekee wa kutokea kwenye koteksi ya serebelamu na kitu inachotoa ni GABA, kemikali inayosema zuia. Akina Masao Ito huko Japani ndo waliolionyesha hilo miaka ya 1960. Inazima nini? Viini vya ndani, yaani mafungu ya seli yaliyofichwa kwenye ule weupe, ambavyo vyenyewe vinapiga muda wote na pia vinapata matawi ya mosi faiba na nyuzi pandaji zikiwa njiani kwenda juu. Mi nikajiwekea picha ya bomba la maji lililofunguka saa zote, Purkinje ndo mkono ulioshika koki, ukibana maji yanapungua, ukilegeza yanatoka, na mwendo mzuri wa mkono wako ni huko kubana na kulegeza kwa wakati sahihi.

Viini viko vinne kila upande, kutoka nje kuja katikati ni dentati, emboliformi, globosi, fastigiali. Nikatunga "Dereva Endesha Gari Fasta" haikunitoka tena. Na ukishajua mpangilio huo unajua na kazi, dentati iko pembeni inahudumia hemisfia, mambo ya kupanga mwendo, zile mbili za katikati zinahudumia mikono na miguu, fastigiali inahudumia vemisi, kiwiliwili na kusimama. Ndo maana mtu mwenye tatizo la vemisi akilala kitandani anaweza kufanya kipimo cha kisigino na goti (kuweka kisigino kwenye goti la mguu mwingine na kukiteremsha kwenye mguu huo) vizuri, ila akisimama anatanua miguu na kuyumba.

Kuhusu kujifunza niseme kidogo kwa sababu ndo ilinifanya nipende hii mada kabisa. David Marr mwaka 1969 na James Albus mwaka 1971 walipendekeza kwamba uzi pandaji ni mwalimu, unabadilisha nguvu ya nyuzi sambamba zilizokuwa zinafanya kazi wakati huo huo. Marr alisema inaongezeka, Albus akasema inapungua, na mwaka 1982 timu ya Ito ikaonyesha kupungua. Jaribio linaloniingia vizuri ni la miwani ya prizimu inayosogeza picha pembeni, mtu anarusha mpira anakosa, anakosa tena, baada ya mitupo kadhaa anapata, halafu akivua miwani anakosa kuelekea upande wa pili, maana serebelamu ilisharekebisha. Wengi wenye jeraha la serebelamu hawafiki hapo pa kurekebisha, wanaendelea kukosa.

Basi nikabaki na deni langu la kulia na kushoto. Nilibandika karatasi kubwa ukutani nikachora mwili kwa mbele, ubongo juu, nikaanza kufuata kwa kidole huku nasema kwa sauti. Dentati ya kulia, natoka kwa kikonyo cha juu (serebelamu imeungana na shina la ubongo kwa vikonyo vitatu kila upande, cha juu, cha kati na cha chini), nafika ubongo wa kati NAVUKA, niko kushoto, napita thalamasi ya kushoto (kituo cha kupitishia taarifa), nafika koteksi ya mwendo ya kushoto, nashuka, nafika medula NAVUKA tena, niko kulia, mkono wa kulia. Mara mbili. Ukivuka barabara mara mbili umerudi upande ulioanzia, ndo hiyo tu siri yake. Na ya kuingia iko hivo hivo, koteksi ya kushoto inashuka ponsi ya kushoto, inavuka, inaingia serebelamu ya kulia kwa kikonyo cha kati, na hicho cha kati kinaingiza tu hakitoi, ndo kinene kuliko vyote. Cha chini hasa kinaingiza, kutoka uti wa mgongo na olivi. Cha juu hasa kinatoa, isipokuwa kuna njia moja ya mbele ya uti wa mgongo inaingilia humo, nayo ilishavuka chini ikavuka tena juu, kwa hiyo hata yenyewe inarudi upande wake. Nilirudia ukutani pale asubuhi na usiku siku nne mfululizo mpaka kidole kikawa kinakwenda bila mimi kufikiria.

Marudio nilipita. Swali lile lile lilikuja kwa sura nyingine, kuziba kwa mshipa wa chini nyuma wa serebelamu upande wa kushoto, nikachora njia pembeni ya karatasi kwanza ndo nikajibu.

Miezi baadaye tukiwa wodini tukamkuta mzee mmoja. Daktari akamwambia mzee naomba uguse pua yako halafu kidole changu. Mkono wa kushoto ukaenda vizuri, wa kulia ukaanza vizuri halafu kadri unavyokaribia kidole ukawa unatetemeka zaidi na zaidi, ukapitiliza, ukarudi, ukapitiliza tena. Nikamshika mkono kupima nguvu, akanibana vidole mpaka nikasikia maumivu. Akaniambia, "Mwanangu, nguvu ninazo, ila huu mkono haunisikii." Kabla picha za skani hazijafunguliwa daktari akatuuliza tutegemee kuona nini, nikasema serebelamu ya kulia, hemisfia, siyo vemisi kwa sababu amekaa kitandani bila kuyumba. Akafungua. Doa lilikuwa pale, upande wa kulia. Mzee akauliza kama ataweza kufunga vifungo vya shati mwenyewe, daktari akavuta kiti akakaa karibu yake, wakaanza na kifungo cha juu, taratibu, mara ya kwanza kikakataa, ya pili kikakataa, akapumzika, akajaribu tena.