Shati jeupe na jasho la Kigoma

Jamani joto la hapa Kigoma kabla mvua hazijaanza mnalijua, unapanda tu toka Kibirizi mpaka Mwanga shati limeshalowa kwapani. Sasa watu wengi wanalaumu jasho, ila lile doa la njano mara nyingi linatokana na alumini iliyomo kwenye deodoranti za kuzuia jasho, ikikutana na jasho ndo linang'ang'ania kitambaa hivo. Kwahiyo paka kidogo tu, subiri ikauke kabisa ndo uvae, na ndani vaa singlendi ya pamba inyonye jasho kabla halijafika kwenye shati, hii naiamini kuliko zote.

Ukirudi usilitupe kwenye tenga likae wiki nzima! Loweka siku hiyo hiyo kwenye maji ya baridi yenye siki nyeupe kidogo, sugua taratibu kwa sabuni, suuza vizuri. Na tafadhali sana, jiki kwenye doa la kwapa hapana, linazidi kuwa la njano, wala usipige pasi doa likiwa bado lipo maana moto unaligandisha. Mashati ya kazini naona fundi akushonee vitambaa vya pamba kwapani, vya kutoa na kufua.